Kitabu kigumu, nyumba yenye jina kubwa



Mara nyingi katika kona hii tunaongea juu ya vitabu vya watoto na namna ya kuwasaidia katika masomo. Wiki hii ninajibu swali ambalo mama mmoja alituuliza katika mkutano. Aliuliza: kwa nini watu waliosoma sana wanasifu vitabu ambavyo hata wao hawavielewi mara ya kwanza? Mtu anaandika ili asieleweke? Na sisi ambao Kifaransa chetu ni cha kupima, tupoteze saa zetu huko?

Nitajibu kwa kitabu kimoja tu. Kwa Kifaransa kinaitwa Le Bruit et la Fureur. Kiliandikwa kwa Kiingereza na Mmarekani William Faulkner, kikatoka mwaka wa 1929. Maurice-Edgar Coindreau alikitia katika Kifaransa mwaka wa 1938, na ni kwa njia yake kwamba wengi wetu tunaosoma Kifaransa tunakifikia. Faulkner alipewa tuzo la Nobel la mwaka wa 1949. Walimu wa fasihi wanakiweka kati ya vitabu vikubwa vya karne ya 20, na pia kati ya vile ambavyo wanafunzi wanaviacha kwenye ukurasa wa kumi. Hayo yote mawili ni kweli.

Kwanza, hadithi yenyewe

Tuko kusini mwa Marekani, katika jimbo la Mississippi, katika mji wa Jefferson. Mji huo usiutafute kwenye ramani, mwandishi aliutunga akiangalia mji wake wa Oxford. Hapo inaishi familia ya Compson. Ni watu wa jina kubwa: babu alikuwa jenerali katika vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865, katika upande uliotaka utumwa uendelee, upande ulioshindwa. Mwaka wa 1946 Faulkner aliongeza kurasa zinazoeleza ukoo huo tangu mwanzo. Humo tunasoma kwamba ardhi yao, maili moja ya mraba, ilitoka kwa chifu wa Wachikasaw, wenyeji wa nchi ile. Basi utajiri wa nyumba hii ulisimama juu ya ardhi ya watu wengine na jasho la watumwa weusi. Hilo tulikumbuke mapema, maana wenye nyumba wanalalamika sana kwamba mambo yameharibika, lakini hawasemi mambo mazuri yale yalitoka wapi.

Baba anakunywa pombe na kusema maneno ya hekima ambayo hayasaidii mtu. Mama, Caroline, yuko kitandani siku nyingi na kitambaa kwenye kichwa. Watoto ni wanne: Quentin, Caddy ambaye ni msichana peke yake, Jason, na wa mwisho Benjy, ambaye akili yake haikukua na hasemi neno. Shamba la malisho ambalo Benjy alilipenda linauzwa ili Quentin asome Harvard na harusi ya Caddy ilipwe. Caddy anaolewa akiwa tayari na mimba ya mwanaume mwingine, mume anagundua na kumfukuza. Quentin anajiua huko Harvard mwaka wa 1910. Baba anakufa kwa pombe. Mtoto wa Caddy, binti aliyepewa jina la mjomba wake Quentin, analetwa kwa bibi yake kulelewa, lakini mama yake anakatazwa kuingia, na jina lake linakatazwa kutajwa ndani ya nyumba. Mwaka wa 1928 anayetawala nyumba ni Jason, na jikoni yuko Dilsey, mama mweusi aliyewapikia na kuwalea wote.

Nimewaambia hadithi yote kwa makusudi. Kitabu hiki hakiharibiki ukijua mwisho. Kinaharibika usipojua nani ni nani.

Ugumu wake uko wapi

Faulkner anatoa hadithi hiyo moja mara nne, kila mara katika siku moja. Sehemu ya kwanza ni tarehe 7 Aprili 1928, na anayesimulia ni Benjy. Ya pili inarudi nyuma hadi 2 Juni 1910, siku ya mwisho ya Quentin. Ya tatu ni 6 Aprili 1928, Ijumaa Kuu, kwa kinywa cha Jason. Ya nne ni 8 Aprili 1928, Pasaka, na humo mwandishi mwenyewe anasimulia, akimfuata zaidi Dilsey.

Mnaona, mlango wa kuingilia ni Benjy, na hapo ndipo wasomaji wengi wanarudi nyumbani. Benjy anatimiza miaka 33 siku ile, lakini kwake hakuna jana wala leo. Anapita kwenye uzio, nguo inanaswa na msumari, na palepale yuko mtoto tena, siku nyingine ambayo nguo yake ilinaswa mahali kama hapo na dada yake Caddy akamnasua. Mwandishi haandiki “miaka mingi iliyopita”. Mara nyingi anageuza tu herufi, zinalala upande, halafu wewe ndiwe utafute uko mwaka gani.

Tuchukue ukurasa wa kwanza kabisa. Benjy anachungulia kwenye uzio na kuona watu wakipiga kitu huku wakitembea. Ni mchezo wa golfu, lakini yeye hajui jina lake, kwa hiyo na wewe msomaji huambiwi. Mmoja wa wachezaji anamwita kijana anayembebea fimbo zake. Kijana wa kazi hiyo anaitwa caddie, na kwa Kifaransa ni hivyohivyo. Benjy anasikia jina la dada yake aliyeondoka miaka 18 iliyopita. Anaanza kulia kwa sauti kubwa, na anayemchunga, Luster, kijana wa watu, hajui analilia nini. Anamkemea tu.

Sasa fikiria mwandishi angeeleza wazi: “Benjy alilia kwa sababu alimkumbuka Caddy.” Ungesema maskini, na kugeuza ukurasa. Lakini kwa vile hakueleza, unasoma, unachanganyikiwa, unakasirika kama Luster. Kurasa nyingi mbele ndipo unaelewa, na unarudi kwenye kilio kile ukijua kilikuwa na sababu tangu mwanzo. Ndiyo jibu langu la kwanza kwa mama aliyeuliza. Ugumu wa sehemu hii si majivuno. Mwandishi anakuweka mahali pa mtu asiyeweza kujieleza, na pia mahali pa wale wanaoishi naye bila kumsikiliza.

Tunao watoto kama hao katika kartie zetu. Kuna wanaofungiwa nyuma ya nyumba wageni wakija. Kuna wanaosemwa kuwa ni laana. Mimi kama mwalimu nimeona mtoto asiyesema akiitwa mkaidi, kumbe anafuata utaratibu wake na sisi ndio tunauvunja. Kitabu hiki kinamalizika hivyohivyo: Luster anampeleka Benjy makaburini kwa gari la farasi, anageukia kushoto kwenye sanamu ya mji badala ya kulia, na Benjy anapiga makelele ya kutisha. Farasi akirudishwa njia ya kawaida, anatulia. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo hahitaji profesa amfafanulie ukurasa ule.

Mambo ambayo wamama wanayaona upesi

Katika kikundi chetu tulisoma kwa sauti, mmoja akifasiri kwa Kiswahili, na mara nyingi waliokuwa na masomo kidogo ndio waliona kitu mbele ya wengine. Nitataja matatu.

La kwanza ni nani hasa aliyekuwa mama wa nyumba ile. Caroline anamwita Jason kuwa ndiye mtoto wake wa kweli, mwenye damu ya upande wa ukoo wake, na wengine anawaona kama adhabu. Benjy alipozaliwa alipewa jina Maury, la mjomba wake. Ilipojulikana kwamba hatakuwa kama wengine, mama yake akataka abadilishiwe jina, ili jina la kaka yake lisichafuke. Sisi tunajua uzito wa kumpa mtoto jina la mjomba au la babu. Basi tunajua pia uzito wa kulichukua tena. Caddy, mtoto wa miaka saba, ndiye anambeba Benjy, anamlaza, anajua ni kitu gani kinamtuliza. Akijipaka manukato Benjy analia, kwa kuwa harufu ya dada yake imepotea, naye anayaacha manukato na kumpa Dilsey. Mtoto analea mtoto mwenzake. Na yule aliyekuwa anawashika wote ndiye aliyefukuzwa.

Hapa kikundi kiligawanyika. Wengine walimhukumu Caroline bila huruma. Wengine walisema ni mwanamke mwenye mume mlevi, mtoto wake wa kwanza amejiua, mwili wake hauna nguvu, na hakuna hata mtu mmoja anayeuliza anaumwa nini. Mimi ninafikiri wote waliona kweli. Kuumwa kwake ni kwa kweli. Na ni kweli kwamba kila mara anapoumia, anatafuta mtoto wa kumwekea deni.

La pili ni fedha za Caddy. Kila mwezi Caddy anatuma hundi kwa ajili ya binti yake. Caroline anasema fedha za mwanamke aliyepotea hazitaingia katika nyumba yake, na kila mwezi anaichoma hundi kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima kabisa. Lakini anachochoma ni karatasi ya uongo iliyotengenezwa na Jason. Hundi ya kweli Jason ameificha na anaweka fedha katika sanduku lake. Siku moja Caddy anatuma dola 50 moja kwa moja kwa jina la msichana. Jason anamfanya atie saini bila kuona ni ngapi, na kumpa dola 10.

Wamama walicheka kwa uchungu hapo. Tunaijua familia inayokataa fedha za binti mbele za watu, na kuzila nyuma ya pazia. Na mjomba anayekula fedha za mtoto huwa anaongea kuliko wote juu ya tabia mbaya za mtoto huyo.

Lakini ukurasa uliotunyamazisha ni ule wa dakika moja. Baba yao anapozikwa, Caddy anakuja kwa siri na kumwahidi Jason dola 100 ili amwone mtoto wake dakika moja tu. Jason anapokea fedha. Anamchukua mtoto, anapanda gari la farasi, wanapita mahali Caddy anapongojea. Anamwinua mtoto dirishani, na gari linapita mbio bila kusimama. Caddy anakimbia nyuma yake. Jason anaona ametimiza ahadi: ulisema kumwona, umemwona. Anatusimulia hayo kwa kinywa chake mwenyewe, bila haya, kama mtu aliyefanya biashara nzuri. Sehemu ya Jason ni rahisi kusoma, sentensi zake ni wazi kabisa. Ndiyo inatisha kuliko zote.

La tatu ni Dilsey. Asubuhi ya Pasaka anawasha moto kwenye baridi, miguu inamuuma, na Caroline anamwita kutoka juu ya ngazi kwa chupa ya maji ya moto, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Jikoni kuna saa yenye mshale mmoja. Inapiga mara tano, na Dilsey anasema ni saa mbili za asubuhi. Saa imeharibika kama nyumba yenyewe, lakini yeye anajua kuisahihisha. Keki ya siku ya kuzaliwa ya Benjy ameinunua kwa fedha zake mwenyewe. Siku ya Pasaka anamchukua Benjy hadi kanisa la watu weusi, ingawa watu wanasema. Anatoka huko machozi yakimtoka, akijua ameona mwanzo wa nyumba ile na sasa anaona mwisho wake.

Wasomaji wengi wanamsifu Dilsey kwa uvumilivu na kuishia hapo. Mama mmoja katika kikundi chetu, aliyefanya kazi za nyumba za watu miaka mingi, hakukubali. Aliuliza: wakati Dilsey anawalea watoto wa Compson, nani alikuwa anawalea wake? Nalo ni swali ambalo kitabu hakilijibu. Faulkner alikuwa mzungu wa Mississippi. Yeye mwenyewe alilelewa na mama mweusi, Caroline Barr, aliyezaliwa katika utumwa na kufa mwaka wa 1940, na Faulkner ndiye alisema maneno ya kumwaga siku ya mazishi. Alimwona Dilsey kwa heshima kubwa, lakini alimwona kutoka nje. Sehemu tatu zina sauti ya “mimi”, na zote ni za wanaume weupe. Dilsey hakupewa “mimi”.

Caddy naye hakupewa. Kila mmoja wa ndugu zake watatu anamsimulia: mmoja anamlilia, mwingine anaona heshima ya ukoo imo katika mwili wake, wa tatu anamchukia na kula fedha zake. Faulkner mwenyewe alieleza kwamba kitabu kilianza na picha moja: msichana mdogo mwenye matope kwenye nguo ya ndani, amepanda mti na kuchungulia dirishani katika nyumba yenye msiba wa bibi yao, huku ndugu zake wanangoja chini kwa kuwa hawakuthubutu. Msichana huyo ndiye moyo wa kitabu, na maneno yake tunayapata tu kwa kupitia wengine. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukisoma tukiwa wanawake. Ukimaliza unajiuliza: binti yule wa kwetu ambaye familia nzima inamsema, mimi nimewahi kumsikia akijisemea?

Maana binti wa Caddy naye, miaka 17, usiku wa kuamkia Pasaka anavunja dirisha la chumba cha mjomba wake, anachukua fedha zilizofichwa, anashuka kwa mti na kwenda zake na mwanaume wa michezo ya kusafiri. Jason anakimbilia polisi, lakini hawezi kutaja hesabu kamili, kwa kuwa nyingi zilikuwa za msichana yuleyule. Jina la mama yake lilikatazwa nyumbani ili binti asifuate njia ile. Mwaka wa 1928 nyumba ya jenerali imebaki na mama kitandani, mtoto mmoja anayelia na mwingine anayehesabu.

Namna ya kukisoma

Kama kikundi chenu kina hamu, mashauri yangu ni haya.

Andikeni majina kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Kumbukeni Quentin ni wawili, mjomba na binti. Jason ni wawili, baba na mwana. Maury ni wawili pia. Wakati Benjy anapoeleza, angalieni anachungwa na nani: akiwa na Versh yeye ni mtoto mdogo, akiwa na T.P. ni kijana, akiwa na Luster ni mwaka wa 1928. Njia hiyo peke yake inafungua kurasa nyingi.

Mkishindwa, anzeni na sehemu ya nne, kisha ya tatu, halafu mrudi kwa Benjy. Walimu wengine hawatapenda, lakini kitabu hakitawapeleka mahakamani. Kurasa tano kwa mkutano zinatosha. Anayesoma asome polepole, na msisimame kila neno kutafuta kamusi.

Sehemu ya Quentin msiisome peke yenu usiku. Ni mawazo ya kijana ambaye ameamua kufa, na ndani yake kuna giza zito. Isomeni pamoja, mchana, na mwongee. Na kama nyumbani kuna kijana anayeongea namna hiyo, msiseme ni maneno tu. Kaeni naye, na mtafute msaada.

Si kila mmoja atamaliza, na hakuna aibu. Kitabu hiki hakimfanyi mtu kuwa na akili kuliko jirani yake. Kinachotoa ni mazoezi ya kukaa na mtu ambaye haeleweki bila kumfukuza upesi, na mazoezi hayo tunayahitaji nyumbani kila siku.

Maswali ya mkutano wa wiki hii

1. Katika nyumba yenu, ni jina gani halitajwi? Nani aliamua hivyo, na watoto waliambiwa nini?

2. Mtoto mlemavu wa akili katika kartie yenu anatulizwa na kitu gani? Nani anajua?

3. Fedha zinazotumwa na mama aliye mbali zinapita mikono ya nani, na nani anaandika hesabu?

4. Anayewasaidia kazi za nyumbani ana watoto wangapi, na leo wako na nani?

Mkipata majibu ya swali la tatu ambayo yanaweza kusaidia vikundi vingine, mpeni katibu wa kikundi ayaandike, tutayaweka katika ukurasa huu bila majina. Wiki ijayo tutarudi kwa watoto wadogo na namna ya kuwafundisha kuhesabu kwa vitu vya jikoni.



Mwalimu wenu